Daftari la Kompyuta ya Sebuleni

Kompyuta yenyewe haikuwa ya kujivunia. Ilikuwa ya mezani, imestaafishwa na ofisi fulani, haina mfuniko wa ubavuni, na feni yake ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Niliiweka sebuleni kwangu Komarock, nikaiongezea kadi ya pili ya mtandao, nikaifanya ruta ya ploti yetu. Waya mmoja uliingiza intaneti kutoka kwa kampuni, mwingine ukaigawa kwa nyumba nne. Ninafundisha kompyuta chuoni mjini, kwa hivyo kazi yenyewe ilinichukua wikendi moja tu.

Siku ya kuiwasha, majirani walikuja kuitazama. Walinisifu, na mimi sifa zikanipanda kichwani. Nikagonga kioo kwa kidole nikasema, "Hii si kama yale masanduku madogo ya dukani. Hii ina daftari. Kila simu ya ploti hii, kila inakokwenda mtandaoni, inaandikwa hapa pamoja na saa."

Walicheka. Jirani wa chini, mwenye kibanda cha viatu vya ngozi Kariokor, alicheka kuliko wote. Mkewe alisimama nyuma yake, mtoto mgongoni. Yeye hakucheka. Alimpangusa mtoto pua, akashuka ngazi.

Mwezi haukwisha. Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, jirani wa chini, amevaa shati lililopigwa pasi. Nikamkaribisha, nikamtilia chai. Alikunywa taratibu, macho yake kwenye mashine.

"Mwalimu," akasema, "nina ombi dogo. Mke wangu siku hizi simu anailaza kifudifudi. Nikiingia chumbani, anaizima. Nataka unifungulie lile daftari nione anakwenda wapi."

"Yale mambo yanachanganyika sana," nikasema. "Huwezi kujua ni simu ya nani."

"Wewe mwenyewe ulisema kila simu."

Hakupaza sauti. Aliweka kikombe juu ya kisahani bila mlio wowote, na utulivu ule ndio ulionitisha. Ningemwambia hapana. Neno ni fupi, hata mtoto analijua. Badala yake nikasema, "Nipe hadi kesho nitafute."

"Kesho nitakuja na binamu yangu. Yeye anaelewa kompyuta."

Alipoondoka nilifunga mlango kwa komeo, nikaketi mbele ya kioo. Nilijiambia naangalia ili nijue namna ya kumlinda yule mama. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kujua. Daftari halionyeshi watu wanaandikiana nini, linaonyesha majina ya kurasa tu. Majina yalitosha. Ofisi ya mawakili wanaosaidia wanawake bila malipo, mara saba. Vyumba vya kukodi Baba Dogo. Shule za msingi za huko huko. Kisha ukurasa wa hospitali unaoeleza jinsi ya kujua kama mbavu zimevunjika.

Mara mbili mwaka ule nilikuwa nimesikia kishindo kutoka chini, halafu kimya cha ghafla. Mara zote mbili niliongeza sauti ya redio.

Nikafuta daftari lote, la nyumba zote, nikaiagiza mashine isiandike tena. Kisha nikapanda juu ya paa kwenye kamba za nguo, nikamkuta yule mama anaanua sare za watoto. Nikamweleza kwa sauti ya chini: mumewe amekuja, ameomba nini, kesho anarudi na nani.

Alikunja sketi ya shule mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena.

"Uliangalia?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. "Niliangalia."

"Basi sasa mko wawili mnaonichungulia."

Upepo ulizipeperusha shuka katikati yetu, naye akangoja zitulie.

"Dada, sitaki pole yako," akasema. "Nataka Jumanne ifike. Usimpe kitu hadi Jumanne."

"Nimeshafuta. Hakuna cha kumpa."

Akachukua beseni, akashuka.

Jumapili walikuja saa nne asubuhi. Binamu alikuwa kijana mpole, mwenye begi la kompyuta begani. Kama ningewazuia, mume angejua kuna jambo. Nikaandika neno la siri mwenyewe, nikampisha kitini, nikasimama karibu na dirisha. Feni ilikoroma. Mume alisimama nyuma ya binamu yake, mkono juu ya mgongo wa kiti.

Binamu alijua anachofanya. Alilipata daftari mara moja: tupu. Akaenda kwenye mipangilio, na pale nikaona kidole chake kimesimama. Mstari wa kuizuia mashine isiandike ulikuwa umebadilishwa jana, saa tisa na dakika kumi alasiri, na saa yenyewe ilikuwa wazi kwenye kioo. Akageuza shingo, akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu, wala sijui alikuwa amewahi kuona nini katika nyumba ile ya chini.

"Hapa hakuna kitu, buda," akamwambia binamu yake. "Hii mashine haisevu."

"Mwalimu alisema inaandika."

"Walimu husema mengi." Akafunga ukurasa.

Mume alinikazia macho kwa muda mrefu. Kisha akashuka, na dakika chache baadaye taa ya nyumba yake kwenye kisanduku cha kugawia waya ikazimika. Alikuwa ameung'oa waya wake ukutani.

Jumanne nilijisingizia ugonjwa, sikwenda chuoni. Saa tatu, mume akiwa Kariokor, nilimwona mkewe kupitia dirisha. Watoto wawili walikuwa na sare, wa tatu mgongoni, na mkononi alibeba mfuko wa nguo kama mtu anayepeleka dobi. Hakutazama juu. Geti likafungwa.

Jioni mume alinigongea mlango kwa ngumi. "Amekwenda wapi?"

"Sijui."

Nilijua. Niliurudia uongo ule mara tatu kupitia mlango uliofungwa, mgongo wangu ukiuegemea, hadi jirani wa juu na mwanawe waliposhuka, wakasimama naye kwenye ngazi. Mume alishuka akitukana. Kabla ya mwezi kwisha alihama.

Yule mama alinipigia simu muhula uliofuata. Watoto wanasoma, mbavu zimepona, kesi inaendelea. Nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Wa kusema mbele za watu kuhusu daftari, au wa kuangalia?"

"Yote mawili."

"Wa kusema nimekusamehe. Ulikuwa hujui. Wa kuangalia, bado."

Nikamwambia sawa. Akasema kengele ya shule imelia, lazima awachukue watoto, akakata. Tangu hapo tumezungumza mara mbili, kuhusu masomo ya jioni chuoni kwetu. Mara zote mbili alikuwa na haraka.