Herufi za Mama Nekesa

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika kibanda cha mabati kando ya foleni ya malori. Meneja wa tawi la kampuni yetu ya bima, Mama Nekesa, alikuja kutoka Busia kunikabidhi kiti, muhuri na onyo moja: "Amoit, hapa hatuuzi karatasi, tunauza ahadi. Na ahadi usiyoielewa, usiiuze."

Niliuza zaidi kadi ya njano, bima ya gari linalovuka mpaka. Dereva akiumiza mtu au kuharibu mali ya mwingine nchi jirani, kadi hiyo humkinga. Cheti cha umahiri nilikuwa nacho, maana bila hicho wakala haruhusiwi kuuza. Mama hakutosheka. Kila wakala mpya alimsukuma asome diploma ya bima, apate zile herufi za taaluma zinazoandikwa baada ya jina.

Miaka michache baadaye, nikiwa ofisini kwake Busia, nilimuuliza mbona jina lake mwenyewe mlangoni halina herufi. Alifunga mlango.

"Nimebakisha mtihani mmoja tu. Wengine wakijisajili, mimi natafuta sababu ya kuahirisha. Nikianguka, nyinyi mtaniangaliaje?"

Wakati huo makao makuu yalikuwa yametangaza kwamba meneja asiye na diploma atampisha mwenye nayo. Nikamwambia, "Mama, nami nimebakisha mmoja. Twende pamoja. Tukianguka, tumeanguka wawili."

Tulisomea kibandani, madereva wakiwa watahini wetu. Mmoja wa Mbale, Uganda, alimwita Mama kwa heshima ya kwao akauliza, "Nyabo, nikigonga ng'ombe wa mtu huko Eldoret, hii kadi inanisaidia?"

"Inakusaidia," Mama akajibu.

"Na lori langu likibonyea?"

"Hapo hapana, baba. Hiyo ni kazi ya bima kubwa, inayokinga gari lako mwenyewe, na hata nayo itakurudisha ulipokuwa kabla ya ajali. Haitakutajirisha."

Dereva akielewa, tulijua somo la fidia limetuingia. Akikunja uso, tulirudi vitabuni.

Mtihani tuliufanyia Kisumu. Matokeo yalipotoka, mimi nilipita. Mama alianguka.

Asubuhi alikuja Malaba na soda na mandazi, akawaita wabeba mizigo na wauza chai: "Njooni mpongeze msomi wetu!" Walipotawanyika, alikaa akalia kidogo, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Juma hilohilo makao makuu yakanipigia simu nichukue kiti chake. Niliwaomba wangoje mtihani ujao, wakakubali, kisha nikapanda gari hadi Busia nikamweleza kila kitu. Katika bima kuna kanuni ya nia njema kabisa: pande mbili zisifichane lolote. Sikutaka alisikie kwa mwingine.

Alinitazama sana. "Ungekubali tu, mwanangu."

"Lete kitabu, Mama."

Safari ya pili nilimsindikiza, nikamngoja langoni. Alipita, akabaki mezani pake mpaka alipostaafu kwa heshima. Ndipo nilipokikalia kile kiti.

Sasa nami nimestaafu, nafuga kuku hapa Alupe. Mawakala vijana huniuliza, "Mama, mteja hata hajui hizo herufi. Zina faida gani?" Ni kweli, hazijui. Lakini anamjua aliyemweleza mpaka akaelewa, na anamkumbuka aliyemwambia hapana kabla hajalipa. Hilo haliji kwa ulimi mtamu, husomewa.

Mama Nekesa yupo, uzee umemtulia. Kila akinitumia ujumbe, hata wa kuuliza goti langu linaendeleaje, humalizia kwa jina lake kamili na herufi zake zote.