Redio Niliyompelekea Mama Pap Onditi

Mtu wa Kaloleni hapa Kisumu akikuambia kwamba miaka ile ya sitini alikuwa anasikiliza redio, muulize alisikilizia wapi. Ilikuwa dirishani kwangu. Mimi niliyeishia darasa la tatu, niliyeanza kwa kuziba panchari za baiskeli kando ya soko, nilikuwa na redio wakati makarani wenye tai walikuwa bado wanauliza habari kwa jirani. Leo nina nyumba za kupangisha kule Migosi na sikushikwa mkono na mtu. Nasema hivi ujue kwamba ninayoyaeleza hayakuletwa na umaskini.

Mke wangu ni Mluhya. Mimi na yeye tulielewana kwa Kiswahili, na watoto wetu wakakua nacho hicho hicho. Mama yangu kule kijijini Pap Onditi, Nyakach, alikuwa na Kijaluo peke yake. Akija mjini, yeye na wajukuu walitazamana, wakachekeana, basi. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, nitakufa kabla sijaongea na watoto wa nyumba yako?"

Mwingine angempelekea watoto. Mimi nikampelekea redio mpya, na pale stendi kila mtu aliiona, nilihakikisha.

"Mama, huyu ndiye mwalimu wako," nikamwambia. "Iwashe asubuhi, iwashe jioni. Kiswahili kitaingia chenyewe."

Alikazana kweli. Mawe ya redio, yaani betri, yakichoka, aliyaanika juu ya bati mpaka yapate nguvu kidogo. Akipepeta mtama alikuwa anarudia maneno ya mtangazaji. Kipindi alichokishika zaidi ni matangazo ya vifo. Usimcheke. Habari zilisomwa mbio na kila siku ni mambo mengine, lakini matangazo ya vifo yalisomwa polepole, na maneno ni yale yale, majina tu ndiyo yanabadilika. Na kijiji kizima kilikuwa kinanyamaza kuyasikiliza. Aliona hayo ndiyo maneno ya heshima.

Basi akaja Kisumu, kuku kwapani, redio imefungwa kwa leso. Akasimama mlangoni, akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya mtangazaji:

"Habari ziwafikie wajukuu wangu popote walipo! Mimi ni mama mpendwa wa baba yenu, mke wa marehemu babu yenu, wa lokesheni ya Nyakach!"

Mke wangu akaziba mdomo. Binti yetu mkubwa, aliyemwita Dani kama Wajaluo wanavyomwita bibi, akauliza, "Dani, kwani umekufa?"

Mama hakuelewa. Redio haikuwahi kumuuliza swali. Nikamtafsiria, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwambie bado," akasema. "Nasalimia tu."

Kuanzia hapo ukawa mchezo wao. Asubuhi alitoka chumbani akitangaza, "Habari ziwafikie!" na watoto wakapiga kelele, "Zimefika, Dani!" Ikifika hapo, hakuna lingine. Mtoto akimwambia ameumia goti, yeye alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, halafu akasema, "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari." Nami nilikuwa nawaita majirani waje wasikie Kiswahili cha mama yangu.

Siku ya kurudi, nikamsindikiza stendi. Akanishika mkono. "Mwanangu, kitu chako kinaongea vizuri, lakini mimi hakinisikii. Nipe watoto shule ikifungwa. Wakae na mimi, wanijibu."

"Mama, watoto wa mjini watateseka huko na mbu," nikasema. "Nitakuletea redio kubwa zaidi."

Na nikaleta. Kubwa, ya kabati la mbao, hakuna aliyekuwa na kama hiyo Nyakach nzima. Watoto sikuwapeleka. Likizo hii kulikuwa na kazi, likizo ile nilikuwa najenga Migosi. Hata leo nikikusanya kodi ya nyumba zile nakumbuka zilijengwa likizo gani.

Aliugua muda mfupi, akaenda. Tangazo lake nilililipia mwenyewe, refu kuliko yote ya siku ile, na wajukuu nikasema watajwe mbele ya machifu na wakubwa wote. Mchana tukakaa sebuleni kulisubiri. Mtangazaji akaanza kwa ile sauti ya polepole: mama mpendwa wa fulani, mke wa marehemu fulani, wa lokesheni ya Nyakach. Binti mkubwa, aliyejua safari hii si mchezo, akainamisha uso.

"Habari ziwafikie wajukuu wake popote walipo."

"Zimefika, Dani!" akajibu mtoto wetu mdogo, kwa nguvu zake zote.

Akasogea karibu na redio, akangoja. Mtangazaji akaendelea na marehemu mwingine.