Viti Themanini na Vinane vya Bi Shii

Fundi seremala hakuwa mtu wa wivu, ila kwa viti, jamani, wivu ulimtafuna. Miaka ishirini na sita ya ndoa, mkewe, mkutubi wa maktaba ya mji, alirudi nyumbani kachelewa na sababu ileile mdomoni: "Nisamehe mume wangu, kuna kiti kilikuwa kimelegea, nikaona nikikaze kwanza."

"Na mimi kazi yangu nini?" fundi alikuwa akiuliza. "Kunyoa watu?"

"Vile viti wewe huviwezi," mkewe alimjibu huku akicheka.

Huviwezi! Anaambiwa mtu aliyechonga madawati ya shule nzima! Fundi alinuna, akala kanuna, akanywa maji kanuna.

Vijana wa mji walimwita mkewe Bi Shii, kwa sababu katika ukutubi wake wote hakuwahi kumwambia mtu "shii". Alifariki ghafla, na wiki tatu baada ya mazishi fundi akapokea barua yenye mihuri mitatu kutoka makao makuu ya maktaba. Daftari la samani la maktaba, ilisema barua, lina viti mia moja na kumi na viwili. Ukumbini vimekutwa ishirini na vinne. Themanini na vinane havijulikani vilipo, na visipoonekana hadi Ijumaa, jina la marehemu litabandikwa getini katika orodha ya walioiba mali ya umma.

Fundi aliisoma barua kasimama, akairudia kakaa. Mke wake mwizi? Mwanamke aliyetembea nusu saa kumrudishia jirani kifuniko cha sufuria? Alivaa koti lake la heshima, akatia futi mfukoni, akaenda maktaba.

Alimkuta mkaguzi aliyetumwa na makao makuu, ana kalamu nne kifuani, anahesabu taa.

"Mzee wangu, mimi sina ubaya na marehemu," mkaguzi alisema. "Mimi nahesabu tu."

"Hebu nipe hilo daftari."

Vile viti ishirini na vinne vya mwanzo viliandikwa kawaida tu, mbao, miguu minne. Kuanzia hapo, mwandiko ulikuwa wa Bi Shii. *Kiti namba 25: kinacheka hovyo. Kitenganishwe na namba 26. Kiti namba 57: kimevunjika moyo baada ya matokeo ya mtihani. Nimekikaza siku tatu, sasa kinasimama. Kiti namba 63: kinasema hakipendi vitabu. Kiachwe karibu na rafu ya upelelezi, kisiambiwe kitu.*

Fundi kijasho kilimtoka. Alizijua mbao za kila aina, lakini ya kucheka hovyo hakuwahi kuiona. Basi mkewe si mwizi tu, na akili nazo zilikuwa zimemruka, na yeye mume kala naye meza moja miaka yote hiyo bila kugundua!

Muuguzi mmoja aliyekuja kurudisha kitabu alichungulia begani mwake. "Hee! Ishirini na tano si ndiye mimi!"

"Wewe ni kiti?" fundi akatoa macho.

"Tena wa kwanza, baba." Akamweleza. Kanuni ya maktaba ilisema wa miaka kumi na miwili kushuka akae ukumbi wa watoto, na wa kumi na minane kupanda akae ukumbi wa wakubwa. Wa katikati walifukuzwa mlangoni kama kuku. Bi Shii aliandikia makao makuu mara kumi na moja. Akajibiwa mara moja tu, kwamba kanuni haiutambui umri huo. Basi akaisoma kanuni yenyewe hadi ukurasa wa mwisho, na huko akakuta kwamba samani iliyoandikwa daftarini isitolewe ukumbini na mtu yeyote bila sahihi ya mkutubi. "Siku hiyohiyo akaniandika. Mlinzi akija kunitoa, namsomea namba yangu. Anaondoka zake."

"Na ukakubali?"

"Baba, nilikuwa na miaka kumi na minne, nyumbani naitwa mzigo. Kuitwa kiti kwangu kulikuwa kupandishwa cheo."

Ungedhani mkaguzi atacheka, au ataita polisi. Wapi! Alichomoa kalamu ya pili, akatia alama. "Kimoja kimeonekana," alisema. "Bado themanini na saba."

Muuguzi akapiga simu, habari ikasambaa, na Ijumaa walimiminika. Alikuja kinyozi, akaja wakili na joho lake, akaja fundi bomba analowesha sakafu. Walikuja wanafunzi wa sasa na sare zao. Walikuja mapacha wakigombania nani hasa ni sabini na mbili. Mjamzito mmoja alimtia mkaguzi mashakani, naye akamhesabu kuwa kiti kimoja baada ya kufikiri sana. Mwingine alipiga simu kutoka ng'ambo, akaandikwa kwamba yupo nje kwa matengenezo.

"Vyote vipo," mkaguzi alitangaza. "Sasa kanuni inataka seremala mwenye ujuzi athibitishe hali ya kila kimoja. Mzee, si kazi yako hiyo?"

Fundi alibaki na futi lake mkononi. Utampima wakili nini, miguu? Mwishowe alijikaza, akamwendea wa kwanza, akauliza swali pekee alilolijua: "Wewe ulilegea wapi?"

Nao wakamwambia. Kinyozi alisema baba yake alipoondoka, Bi Shii alikaa naye jioni nzima, wanafunua kurasa pamoja bila neno. Wakili alikuwa na kigugumizi, na Bi Shii alimtaka azisomee kamusi kwa sauti, kwani kamusi hazina haraka. Fundi alipofika wa thelathini alikuwa analia waziwazi, na bado anaandika: imara, imara, imara. Alimkumbuka mkewe mlangoni, kachoka, viatu mkononi, na yeye amemnunia.

"Imebaki safu ya mwisho," mkaguzi alisema, kalamu tayari. "Fundi aliyevitengeneza. Niandike jina lako?"

Fundi aliutazama ukumbi. Wote walikuwa wamekwisha kuketi, wengine sakafuni, wanasoma.

"Andika la mke wangu," alisema. "Mimi hata kimoja sikukigusa."