Soketi Iliyoota Kutu ya Kijani

Pola, fundi wa umeme wa magari pale Kibarani, alikuwa ameshakasirika kabla hajafungua boneti. Gari la Mzee Mbaruk lilikuwa limezimika njiani tena. Aliichomoa soketi ya waya za sensa ya injini, ile ile aliyoibadilisha juzi juzi, akakuta pini zimeota kutu ya kijani. Akazigusa kwa ulimi.

"Mzee, injini unaiosha kwa maji ya kisima?"

"Kila Ijumaa, mwanangu. Siendi msikitini na gari chafu."

"Maji yenyewe chumvi tupu. Ndiyo yanayokula pini."

Alizikata waya zilizooza, akaunga soketi mpya, gari likawaka. Akafunga boneti kwa kishindo.

"Bodi ioshe utakavyo," alisema. "Humu ndani hamna anayeswali."