Tambara la Jikoni Kwetu

Mtaani walimwita Mama Matambara. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, naye akalivaa kama vazi lililoshonwa kwa vipimo vyake. Alikuwa msanii asiyechora wala kuchonga. Ujanani, akiwa karani, aliketi na beseni mbele ya ofisi ya manispaa, akaosha sahani moja safi kutwa nzima, ili wakubwa waliopita waione kazi ya wanawake isiyoisha wala kulipwa. Wakubwa walicheka. Askari alimwondoa kwa adabu, lakini mwajiri wake hakuwa na adabu hiyo, akamfukuza kazi. Tangu hapo aliandamana, akahutubia, akalazwa mahabusu, na kila aliporudi nyumbani alikuta chakula kimefunikwa mezani.

Sasa magoti yalimuuma na sauti ilikuwa ikikwaruza. Watu walipomuuliza kama mambo yake nayo ni sanaa, alitikisa kichwa tu, maana maelezo yalikwisha zamani. Ndipo ukumbi wa maonyesho wa mjini ukamgawia chumba. Kilikuwa cha nyuma, kimepakana na choo, lakini alikipokea. Alikusudia kutundika humo matambara ya jikoni aliyoyakusanya nyumba kwa nyumba. Kila mwanamke aliombwa atoe lake kwa sharti moja, kwamba lisifuliwe. Masizi, mafuta, maziwa yaliyogandia, damu ya kidole kilichokatwa na kisu: yote hayo ndiyo yaliyokuwa mchoro. Siku moja kabla ya ufunguzi aliyaacha uani ndani ya magunia, akaenda ukumbini kupigilia misumari.

Dada yake mkubwa, ambaye waliishi pamoja tangu wazazi wafariki, alikuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu. Doa lilimkosesha usingizi. Wala hakumwaga maji ya kufulia kabla ya kuyadekia sakafu. Huko kazini maji yalikuwa ya kubahatisha, na mazoea hayo alistaafu nayo.

Msanii aliporudi alikuta kamba zote za uani zimejaa. Matambara yalimeta kwa weupe. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda, vidole vimenyauka kwa maji.

"Mengine yamenitoa jasho, mdogo wangu," alisema. "Lakini kesho hutaaibika mbele ya wageni."

Msanii aliketi papo hapo, juu ya sakafu iliyolowa. Aliitafuta hasira, akaona hata hiyo inahitaji nguvu. Akaeleza polepole kwamba uchafu ule ndio uliokuwa kazi yenyewe, na kwamba kesho hana cha kuonyesha. Dada alisikiliza mpaka mwisho, uso ukimnyong'onyea.

"Ungeniambia ni uchafu wa maonyesho," alisema. "Mimi naujua huu wa kawaida tu."

Kisha dada akalishusha begani tambara la kufutia sufuria, akalitazama, akauliza bila ukali, kama anayeulizia chumvi:

"Na hili la jikoni kwetu, mbona hukuliomba?"

Msanii alikuwa amebisha hodi mtaa mzima, akaupita mlango wake mwenyewe. Hata gauni alilovaa, na yote aliyoyavaa kwenye maandamano, yalifuliwa na kupigwa pasi na mikono ile iliyokuwa mbele yake.

Alipoinua macho aliona ndoo zimepangwa ukutani zikisubiri saa ya kudeki, zimejaa maji mazito ya kijivu. Masizi yote yalikuwa humo, na maziwa, na damu.

"Dada," alisema, "usideki leo. Nami naomba hilo la begani, ukiridhia."

Kesho yake ndoo zilisimama katikati ya chumba cha nyuma, matambara meupe yakazunguka kuta, na moja tu, lenye masizi, likaning'inia kwenye msumari wake peke yake. Wageni walikuwa wachache. Mmoja aliuliza kama bomba la choo limepasuka. Msimamizi wa ukumbi aliombwa na msanii aandike kwenye karatasi ya mlangoni kuwa kazi ile ni ya ndugu wawili. Dada akanung'unika kwamba yeye hafanyi maonyesho, anafua, lakini hakutaka karatasi ibanduliwe.

Jioni msanii alijaza beseni, akafua gauni lake mwenyewe. Alitia sabuni nyingi mno na kola akaisahau. Dada alimtazama kutoka kwenye kigoda, amekalia mikono yake isije ikamsaidia.

"Suuza tena," alisema.

Akasuuza tena.