Nusu Kilo ya Sufu

Fransiska alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na saba kati ya hiyo ameila katika uuguzi, aliporudi darasani mjini Sumbawanga kutafuta stashahada. Alijua kupata mshipa wa mtoto aliyekauka kwa kuhara. Alijua kumtuliza baba anayepiga kelele mlango wa wodi ya wazazi. Asichokijua ni hesabu. Yeye na hesabu walikosana tangu kidato cha pili, wakawa wakikutana wanapishana bila salamu. Sasa chuo kikamwambia hakuna cheti bila utafiti, na hakuna utafiti bila takwimu. Akifeli utafiti anarudia mwaka, na mwajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya miaka mitatu, si minne.

Msimamizi wake, Mwalimu Alphonce, alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuichanachana kazi yake.

"Mama, tuache vitabu, tuchukue maharage," alimwambia siku moja alipomwona macho yamemtoka. "Una gunia moja. Unachota kikombe, unachota na cha pili, unapima uzito wa punje moja moja. Wastani wa vikombe hivyo utalingana kabisa?"

"Hauwezi kulingana, Mwalimu. Kutakuwa na katofauti."

"Haya. Thamani ya p inajibu hivi: kama vikombe vyote viwili vimetoka gunia moja, tofauti kubwa kama uliyoiona ingetokea kwa bahati mara ngapi? Ikiwa ni mara chache sana, chini ya tano katika mia, ndipo tunaanza kushuku kwamba magunia yalikuwa mawili."

Maharage Fransiska aliyaelewa. Mtoto wa Ufipa asipoelewa maharage ataelewa nini?

Swali lake lilikuwa jepesi kulisema: watoto wa miezi sita wa huku juu uwandani na wa kule chini bonde la Rukwa, je, uzito wao unatofautiana? Mwezi wa sita akapima watoto arobaini kwenye kliniki ya kijiji alichozaliwa, upande wa Kaengesa, na arobaini wengine bondeni, upande wa Milepa. Alipima kwa mkono wake mwenyewe, kwa mizani ile ile ya kuning'iniza, aliyoibeba kama yai. Wa juu wakapata wastani wa kilo saba na nukta tisa, wa chini saba na nukta nne. Akafanya jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili, na kompyuta ikatema p: sifuri nukta sifuri sifuri saba.

Saba katika elfu! Fransiska alicheka peke yake mpaka mwenye kompyuta akageuka kumtazama. Hesabu ilikuwa imemwamkia mwisho wa yote.

Mtafiti muungwana hupeleka mrejesho kwa watu aliowapima. Basi mwanzoni mwa mwezi wa saba akashuka Milepa, akawakusanya akina mama kwenye kliniki na kuwaambia bila kupaka mafuta kwamba watoto wao wako nyuma. Akawasema kwa kukimbilia mashamba ya mpunga na kuacha watoto na uji mwepesi. Wanawake wakainamisha vichwa. Kusema kweli alijisikia mkubwa siku ile, na mimi simfichi.

Walipotawanyika, mmoja akabaki. Aliitwa Husna, binti wa wenye maduka mjini Sumbawanga, ambaye mumewe alikuwa amehamia bondeni kufungua duka. Mgongoni alimbeba mwanawe Amin.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu."

"Sista, naomba unitazamie kadi hii. Jumatatu nilimpima mjini, kilo saba na nukta nane. Ijumaa tukawa tumehamia huku, nikampima hapa, saba na nukta tatu. Siku nne tu! Mama mkwe anasema maziwa yangu ni maji. Siku hizi ananipa mtoto nimnyonyeshe, kisha anamchukua, kama nimemwazima."

Fransiska akaishika ile kadi. "Aliharisha?"

"Hapana."

"Homa? Kutapika?"

"Hakuna, sista. Anacheka tu, kama unavyomwona."

Hapo nesi wa miaka kumi na saba akaamka ndani ya mwanafunzi wa takwimu. Mtoto mzima hapotezi nusu kilo ndani ya siku nne huku anacheka. "Kule mjini alipimwa kavaa nini?"

Husna akashangaa. "Kavaa nguo zake. Sweta, kofia, soksi, na shali juu. Baridi ile ya mwezi wa sita, nani amvue mtoto?"

Na huku Milepa, kwenye joto, Amin alikuwa amepimwa uchi, kama watoto wote wa bondeni. Vile vivazi vya sufu bado vilikuwa kwenye mfuko wa Husna, havina kazi tena. Fransiska akavitundika kwenye mizani kimoja kimoja. Mshale ukaenda ukasimama: gramu mia nne na themanini.

Watoto wake arobaini wa juu wote walipimwa na sweta zao. Hakuwavua, na wazo la kuwavua halikumpitia hata kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alikulia kwenye sweta, na mama yake, na bibi yake. Mfipa gani wa juu anamvua mtoto mchanga mwezi wa sita? Ile nusu kilo aliyoishangilia ilikuwa ya kondoo.

Husna alimtazama, anasubiri. Ilitosha kusema neno moja. Lakini neno hilo lingeua utafiti mzima, na Fransiska akaogopa. "Nitakupigia," alisema, akachukua namba, akaondoka kama mtu aliyeiba kuku.

Njia nzima ya kupanda mlima wa Lyamba kutoka bondeni alibishana na nafsi yake. Nani mwingine ameona? Hakuna. p ni nzuri, Mwalimu ameipenda, na mwaka wa nne haupo. Gari likatokea juu, upepo ukaingia dirishani, na kando ya barabara kulikuwa na mama kasimama na mtoto aliyefungashwa sufu mpaka puani. Fransiska akafumba macho. Lililomuuma zaidi ni Husna, anayeazimwa mtoto wake mwenyewe.

Asubuhi akaenda kwa Mwalimu Alphonce, na kabla ya shikamoo kumaliza kutoka akamwaga yote. Alijiandaa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu akaiweka kalamu mezani.

"Mama, p haijui sweta. Imekwambia makundi mawili hayafanani, na imesema kweli. Moja lina sufu, jingine halina. Kazi ya kujua umepima nini ni yako, na umeifanya. Nakuombea wiki tatu. Tafuta watoto arobaini wengine huko juu wanaofikisha miezi sita sasa, uwapime uchi."

Fransiska alilia pale pale ofisini, machozi ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Ikawa kazi kweli. Kwa siku za kliniki wiki tatu, jiko la mkaa liliwashwa nje mpaka moshi ukaisha, ndipo likaingizwa chumbani, dirisha likiachwa wazi kidogo. Bibi mmoja alimwambia wazi, "Fransiska, umesoma mpaka umeanza kunyonyoa watoto wetu kama kuku?" Lakini wakavuliwa, wakapimwa, wakavalishwa upesi. Wastani mpya: saba nukta nne sita. Wa bondeni: saba nukta nne sifuri. p: sifuri nukta saba nne. Katofauti ka vikombe viwili vya gunia moja.

Siku ya kutetea utafiti walikaa walimu watatu mbele yake. Wa katikati, mwenye miwani, akamtega: "Kwa hiyo umethibitisha kuwa watoto wa juu na wa bondeni wana uzito sawa?"

Hapo ndipo wengi huitikia ndiyo na kuanguka. Fransiska akavuta pumzi. "Hapana, Mwalimu. Sijathibitisha kuwa ni sawa. Ninachosema ni kwamba kwa watoto hawa niliowapima sikupata ushahidi wa tofauti. Nilipodhani nimeupata, nilikuwa nimepima nguo. Nimeliandika kosa hilo ukurasa wa thelathini na moja, ili mwenzangu asilirudie."

Mwenye miwani akafungua ukurasa wa thelathini na moja, akausoma wote, akatabasamu. Alikuwa amefaulu.

Hakungoja hata kushuka ngazi. Alitoa simu akapiga Milepa.

"Husna, ni sista Fransiska. Nisamehe, nilichelewa, na siku ile nilijua nikanyamaza. Ile nusu kilo ilikuwa sweta, kofia, soksi na shali. Amin hakupungua. Maziwa yako hayana kasoro."

Ikasikika pumzi ndefu, kisha kilio kilichochanganyika na kicheko.

"Sista, subiri usikate. Naweka sauti kubwa, mama mkwe yuko hapa. Sema tena, polepole."

Fransiska akasema tena, polepole, akianza na shikamoo.