Nyaya Mbili Katika Mtaro Mmoja

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, na mimi nilikuwa fundi wa umeme kwenye uwanja wa ndege wa Kasongo. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi ya mapadri, nikijiona najua yote.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Papa Ramazani, Mwislamu mzaliwa wa Kabambare. Alinipokea nyumbani kwake, na mke wake, Mama Zaina, akanipikia mwaka mzima kama mtoto wake wa kumzaa.

Tulipewa kazi ya kuweka umeme kwenye kituo cha wazima moto: nyumba ya matofali, gari moja la maji, na king'ora cha kuwaita watu. King'ora kilitumia umeme wa mashine kubwa ya mafuta, na mashine ikizimika, bateri zishike kazi. Papa Ramazani alitaka waya wa mashine upite mbele, kando ya ghala la petroli, na waya wa bateri uzunguke nyuma, katika mtaro wake wenyewe.

"Ukiziweka mu mutaro moja," aliniambia, "moto ukizikuta, zote zinakufa pamoja. Sasa bateri itakuwa ya kazi gani?"

Kisha akaitwa Salamabila siku tatu, kutengeneza mashine ya machimboni. Nikabaki na sururu. Ardhi ya kule nyuma, mwanangu, ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilichimba asubuhi moja, viganja vikachubuka. Nikaacha. Nikalaza nyaya zote mbili katika mtaro wa mbele, nao haukuwa na kina cha kutosha, nikafukia. Kule nyuma nikatawanya udongo mbichi, uonekane umechimbwa.

Aliporudi aliniuliza, "Alfonsi, waya ya bateri iko kwa nyuma?"

"Iko, Papa."

Tukazima mashine, tukajaribu. King'ora kikalia vizuri sana. Papa Ramazani akacheka kwa furaha, akanishika bega.

Kiangazi kilipofika, asubuhi moja pipa la petroli lilishika moto ghalani. Petroli ikatiririka ikiwaka mpaka juu ya mtaro wangu. Wazima moto walikuwa mwisho wa uwanja wakikata majani, na masikio yao yalingoja king'ora. Papa Ramazani akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena, kisha akanitazama.

"Kimbia, uwaite!" akasema.

Nilikimbia kama mwendawazimu. Tuliporudi na gari la maji, yeye alikuwa ameingia ghalani na kumvuta nje mtunza ghala. Yule alipona. Lakini mikono ya Papa Ramazani iliungua vibaya, na vidole vyake havikukunjika tena kushika hata koleo.

Mkubwa wa uwanja, Mzungu, alitukusanya mbele ya kitanda cha hospitali. Akauliza: nani alilaza nyaya zile katika mtaro mmoja? Nilifungua kinywa, mwanangu, nikakifunga. Papa Ramazani akangoja kidogo, macho kwangu. Halafu akasema, "Ni miye mukubwa wa kazi. Ni miye."

Wakamfukuza, akarudi Kabambare. Mimi nikapewa nafasi yake.

Ilinichukua miaka mitano kuthubutu kupanda baiskeli kwenda kwake. Nilimkuta barazani, Mama Zaina akimlisha ugali kwa mkono wake. Nikapiga magoti, nikaungama yote.

"Nilijua tangu kitufe kilipokataa," alinijibu. "Mikono nilikusamehe siku ileile. Ila pale hospitali nilikungojea useme, mutoto wangu. Haukusema."

Mama Zaina hakunitazama. Alinisogezea sahani.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kazi inayolinda roho za watu, ifanye kana kwamba mkaguzi wake ni moto wenyewe. Njia ya akiba iwe mbali na njia ya kwanza. Ukishindwa kuchimba, sema umeshindwa. Utapewa mtu wa kukusaidia. Na ukikosa, sema palepale, mbele ya yule anayebeba kosa lako. Mimi nilichelewa kusema, na msamaha nilioupata haukumrudishia vidole.

Mungu akupe mikono mizima na kinywa kisichoogopa kusema kweli, na wakubwa wako wa kazi wazeeke salama, wakila kwa mikono yao wenyewe.